Forodha imepandisha thamani, mzigo umekwama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara aliyeagiza mzigo kihalali, ankara anayo mkononi, halafu forodha ikamwambia bei aliyotangaza haikubaliki. Wengi wakifika hapo hufanya moja kati ya mawili: hulipa kwa hasira bila kuandika neno lolote, au huuacha mzigo bandarini wakisubiri haki. Yote mawili yanaumiza. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, inatoa njia ya tatu: gomboa mzigo kwa kuweka dhamana au kwa kulipa huku ukipinga kwa maandishi, kisha upiganie thamani bidhaa zikiwa tayari ghalani kwako. Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam na Mombasa.

Thamani ya forodha ni nini hasa?

Ni kiasi kinachotumika kukokotoa ushuru. Msingi wake ni bei uliyolipa au utakayolipa kwa bidhaa zilizouzwa ili ziletwe nchini, ikijumlishwa bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Ndiyo maana watu wa bandarini huiita CIF, kifupi cha Kiingereza cha bei, bima na nauli. Huongezwa pia baadhi ya gharama ambazo hazimo kwenye ankara lakini umezibeba: vifungashio, kamisheni ya wakala wa muuzaji, na mrabaha unaolipwa kama sharti la kuuziwa bidhaa hiyo. Kamisheni unayomlipa mtu wako aliyekutafutia bidhaa Guangzhou haiongezwi, mradi uionyeshe kando na mkataba wake uwepo. Wengi huichanganya ndani ya bei ya bidhaa kwa kutojua, wakailipia ushuru usiowahusu.

Afisa ana haki ya kuikataa ankara yangu?

Anayo haki ya kuitilia shaka, na shaka hiyo lazima iwe na sababu. Kifungu cha 122 pamoja na Jedwali la Nne la sheria hiyo vimejengwa juu ya mkataba wa uthamini wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), na mkataba huo unataka hatua zifuatwe. Kwanza afisa akuombe maelezo zaidi na nyaraka za kuthibitisha. Akiwa bado hajaridhika, akueleze shaka yake ni ipi (kwa maandishi ukiomba) na akupe nafasi ya kujibu. Baada ya hapo ndipo anaweza kuiacha bei yako na kuhamia njia nyingine.

Njia nyingine hizo zina mpangilio. Ya kwanza baada ya bei ya ankara ni thamani ya bidhaa zilezile hasa: za nchi ileile, zilizosafirishwa kipindi hichohicho au karibu nacho, kwa wingi na ngazi ya biashara inayolingana na yako. Zikikosekana, hutazamwa bidhaa zinazofanana. Kisha huja bei ya kuuzia hapa nchini ikitolewa faida, usafiri wa ndani na ushuru. Kisha gharama za uzalishaji, njia ambayo ni nadra kuiona ikitumika kwa sababu kiwanda cha ng'ambo hakina sababu ya kumfungulia afisa wa Dar vitabu vyake. Mwisho kabisa ni njia ya kukadiria kwa busara, ambayo nayo ina mipaka.

Kuna jambo moja katika njia ya pili na ya tatu ambalo waagizaji wachache wanalifahamu, nami nalisisitiza kila ninapopata nafasi: zikipatikana thamani zaidi ya moja za bidhaa zilezile au zinazofanana, inayotumika ni ya chini kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa "kuna mwingine ametangaza dola 14 kwa katoni", swali lako la kwanza liwe: je, hakuna aliyekubaliwa kwa dola 11?

Nimeambiwa "bei ya mfumo ndiyo hii". Bei ya mfumo ni sheria?

Si sheria. Mamlaka za mapato hutunza kanzidata ya bei za bidhaa zilizowahi kuingia, na ni halali kuitumia kubaini ankara zinazotia shaka. Huo ndio ushauri wa Shirika la Forodha Duniani pia: kanzidata ni chombo cha kupima hatari. Mkataba wa WTO umekataza wazi kutumia kima cha chini cha thamani, thamani za kubuni, au kuchagua iliyo kubwa kati ya mbili. Umekataza pia kutumia bei ya soko la ndani la nchi ilikotoka bidhaa, kwa hiyo picha ya duka la mtandaoni la China inayoonyesha bei ya rejareja haiwezi kusimama peke yake kama msingi wa thamani yako.

Usimgombeze afisa dirishani kwa hoja hii. Iandike. Omba uelezwe kwa barua thamani mpya imepatikana kwa njia ipi kati ya zile za Jedwali la Nne. Kifungu cha 122 kinampa mwagizaji haki ya kupewa maelezo ya maandishi akiyaomba. Barua hiyo yenye njia iliyotumika, au yenye kushindwa kuitaja, huja kuwa karatasi yenye uzito kuliko nyingine nyingi katika jalada lako.

Na magari yaliyotumika?

Hapa hali ni tofauti kidogo, maana ankara ya gari lililotumika ni rahisi kuchezewa na gari moja halifanani kabisa na jingine. Tanzania ina kikokotoo cha mamlaka ya mapato (TRA) mtandaoni; Kenya, mamlaka ya mapato (KRA) huanzia kwenye orodha ya bei za sasa za rejareja, inayojulikana kwa kifupi CRSP, kisha hupunguza uchakavu kulingana na umri wa gari. Pingamizi zinazofanikiwa kwa urahisi zaidi ni zile za utambuzi: mfumo umelisoma gari lako kama toleo la injini kubwa zaidi, la mwaka tofauti, au la kifahari kuliko lilivyo. Linganisha namba ya chasisi na cheti cha kufutia usajili kutoka Japani kabla hujalipa.

Tofauti ya thamani inaniumiza kwa kiasi gani?

Chukulia kontena la bidhaa yenye ushuru wa asilimia 25, kiwango cha tatu kati ya vinne vya ushuru wa pamoja wa Jumuiya (0, 10, 25 na 35). Umetangaza CIF ya dola 20,000. Ushuru ni dola 5,000. VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya 25,000, yaani dola 4,500. Forodha wakipandisha hadi dola 32,000, ushuru unakuwa 8,000 na VAT 7,200. Umeongezewa dola 5,700 bila kuhesabu tozo nyingine za uagizaji, ambazo nazo zinakokotolewa kwa asilimia ya thamani ileile.

Kwa mwenye duka dogo hiyo ni faida ya kontena zima, na mara nyingine na sehemu ya mtaji. Ndiyo maana haifai kuchukuliwa kama usumbufu wa kawaida wa bandarini.

Naweza kuuondoa mzigo kabla mgogoro haujaisha?

Unaweza kuomba, na hili ndilo swali ambalo ningetamani kila mwagizaji alijue kabla meli haijatia nanga.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wakati thamani bado haijaamuliwa. Mkataba wa WTO, kifungu cha 13, unasema uamuzi wa mwisho ukichelewa, mwagizaji aruhusiwe kuchukua bidhaa zake akiweka dhamana ya kutosha: mdhamini, amana ya fedha au chombo kingine kinachokubalika. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara, nao wa WTO, ulioanza kutumika Februari 2017, umerudia wazo hilo kwa kutenganisha kuachiwa kwa mzigo na ukokotoaji wa mwisho wa ushuru.

Wa pili ni baada ya uamuzi, ukiwa umeomba Kamishna wa forodha aupitie upya. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha ya Jumuiya kinamruhusu Kamishna, kwa ombi lako, kuachia bidhaa wakati maombi yako yakiendelea, kwa kulipa ushuru kama alivyouamua au kwa kuweka dhamana ya kufunika ushuru huo na adhabu yoyote inayoweza kufuata. Angalia maneno hayo mawili: "anaweza" na "kwa ombi". Usipoomba, hakuna atakayekuletea. Ukiomba kwa mdomo, hutakuwa na cha kuonyesha.

Barua ya ombi isiwe ndefu. Itaje namba ya kadhia (tamko la forodha la mzigo wako), namba ya kontena, kiasi kisichobishaniwa, kiasi kinachobishaniwa, aina ya dhamana unayoiweka, na gharama zinazopanda kila siku mzigo ukikaa. Ambatisha barua ya benki inayoonyesha wako tayari kutoa dhamana. Ni rahisi zaidi kwa ofisi kukubali ombi lenye dhamana mezani kuliko lenye ahadi. Benki huchukua muda, kwa hiyo zungumza nao mapema. Dhamana iliyopatikana wiki ya tatu inaweza kukuta storeji (tozo ya kuhifadhi mzigo bandarini) imeshakula ulichokuwa unapigania.

Ukikosa dhamana na fedha unazo, lipa kwa pingamizi. Najua inauma kulipa usichokubaliana nacho. Lakini mzigo ulio ghalani unauzika, na ulio bandarini unazaa gharama.

Nikilipa, si nitakuwa nimekubali?

Kulipa peke yake hakukuondolei haki ya kupinga. Kinachokumaliza ni kulipa kimyakimya na kuacha siku zipite. Siku ya malipo, au kabla yake, peleka barua inayosema unalipa ili kugomboa mzigo na hukubaliani na thamani iliyowekwa. Igongewe mhuri wa kupokelewa, au itumwe kwa mfumo na barua pepe rasmi ili ibaki na tarehe. Kisha fuata utaratibu wa kifungu cha 229 ndani ya muda.

Madai ya kurejeshewa ushuru uliolipwa kimakosa nayo yana ukomo: miezi 12 tangu siku ya kulipa.

Siku zinahesabiwaje?

Maombi ya kupitia upya uamuzi yanamfikia Kamishna ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi au ya kutotendewa ulichostahili. Yawe ya maandishi, yaeleze sababu. Kamishna anaweza kukubali maombi yaliyochelewa ikiwa ulikuwa nje ya nchi, uliugua au una sababu nyingine ya msingi, na hukuzembea baada ya sababu hiyo kuisha. Usiitegemee huruma hiyo.

Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Akikataa, unakata rufaa ndani ya siku 45 tangu upewe uamuzi. Tanzania rufaa huanzia Bodi ya Rufani za Kodi (TRAB), na kabla yake kuna taarifa ya kusudio la kukata rufaa inayotakiwa ndani ya siku 30. Hapo ndipo wengi hujikwaa: wanazishika siku 45 na kuisahau taarifa. Kutoka Bodi kesi huenda Baraza la Rufani za Kodi (TRAT), kisha Mahakama ya Rufani, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Kenya kuna Jopo la Rufaa za Kodi, kisha Mahakama Kuu. Sheria ya jopo hilo yenyewe inataja siku 30, hivyo mtu mwangalifu huhesabu 30 na hajiingizi kwenye ubishi wa ipi inatawala.

Jingine linalochanganya ni sharti la kulipa theluthi moja ya kodi kabla ya pingamizi kupokelewa Tanzania. Sharti hilo limo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, inayohusu kodi za ndani. Kifungu cha 229 cha sheria ya forodha hakina sharti hilo. Ukiombwa, uliza kwa maandishi ni kwa kifungu kipi.

Kamishna amenyamaza, siku 30 zimepita. Inakuwaje?

Sheria inasema asipokujulisha uamuzi ndani ya muda huo, anahesabiwa kuwa ameyakubali maombi yako. Ni kinga kubwa kwa mwagizaji.

Ila kuna kona moja. Siku hizo huhesabiwa tangu apokee maombi pamoja na taarifa nyingine atakazozihitaji. Ukiombwa nyaraka za ziada na ukakaa nazo wiki tatu, saa yake haijaanza kutembea. Jibu kila barua haraka, na kwenye jibu la mwisho andika kwamba umekamilisha yote yaliyoombwa na kwamba siku 30 zinaanza tarehe hiyo.

Nyaraka gani zinabeba kesi?

Ankara peke yake haitoshi, maana ndiyo inayotiliwa shaka. Kesi hubebwa na mnyororo: ulivyokubaliana bei, ulivyolipa, ulivyoandika vitabuni, ulivyouza. Kila kiungo kikilingana na kingine, afisa au Bodi inakosa pa kushika.

Anza na mazungumzo ya bei, hata yawe ya WeChat au WhatsApp. Yachapishe yakiwa na tarehe. Weka ankara ya awali, oda, na mkataba kama upo. Halafu uthibitisho wa malipo kutoka benki, wenye jina la muuzaji yuleyule aliyetoa ankara na kiasi kilekile. Hapa ndipo kesi nyingi za kweli hufa. Mfanyabiashara amelipa kupitia mtu wa kubadilisha fedha Kariakoo au Eastleigh, fedha zikaingia China kwa jina la kampuni nyingine kabisa, kwa mafungu matatu. Bei ilikuwa ya kweli, lakini hakuna karatasi inayoisema. Kama unaagiza kwa kiwango cha kontena, lipa kwa benki, kwa jina la kampuni yako, na andika namba ya ankara kwenye maelezo ya malipo. Gharama ya kutuma ni ndogo mno ukiilinganisha na dola 5,700.

Ongeza tamko la muuzaji la kusafirisha nje alilolitoa kwa forodha ya China. Muuzaji mwaminifu hupata nakala bila shida, na bei iliyotangazwa kule ikilingana na yako hapa, umepata shahidi asiye na maslahi. Kama ulipewa punguzo, lieleze: ni kwa wingi, kwa kulipa mapema, au bidhaa ni za msimu uliopita? Punguzo lisilo na sababu huonekana kama ankara ya uongo. Kama wewe na muuzaji mna undugu au umiliki wa pamoja, sema mwenyewe mapema. Uhusiano hauifuti bei yako, unakutaka tu uonyeshe kwamba haukuiathiri.

Tunza vyote miaka mitano. Ni lazima kisheria, na sababu utaiona hapo chini.

Mzigo wangu ulikuja kwa mkusanyaji, ndani ya kontena la watu wengi. Naweza kupinga?

Kwa kawaida, huna nafasi. Kadhia imefunguliwa kwa jina lake, yeye ndiye mwagizaji mbele ya sheria, nawe huna hati hata moja yenye jina lako. Mizigo ya kulipia kwa kilo au kwa ujazo ina urahisi wake kwa anayeanza, lakini ujue umeuza haki ya kupinga pamoja na usumbufu wa kugomboa. Biashara ikikua, hama.

Nikishinda, nani atarudisha storeji na dimareji?

Kushinda suala la thamani hurudisha ushuru na kodi iliyozidi. Dimareji, yaani tozo ya kuchelewa na kontena, ni deni la mkataba kati yako na kampuni ya meli, na wao hawakuwa sehemu ya mgogoro wako. Storeji ni ya bandari au bandari kavu. Unaweza kuomba msamaha au punguzo ukiambatisha barua za forodha zinazoonyesha ucheleweshaji haukuwa wako. Usiiweke kwenye hesabu zako kama fedha ya uhakika.

Nikiuacha mzigo tu?

Kadhia inatakiwa ifunguliwe ndani ya siku 21 tangu meli ianze kushusha. Baada ya hapo bidhaa zinaweza kupelekwa ghala la forodha. Zikikaa siku 30 bila kuondolewa hutolewa tangazo, na siku nyingine 30 zikipita huhesabiwa zimetelekezwa na kuuzwa kwa mnada wa hadhara. Kuwa na barua ya malalamiko mahali fulani hakusimamishi kalenda hii kwa yenyewe.

Wameandika "umekamatwa". Ni kitu kilekile?

Hapana, tafadhali usichanganye. Kupandishiwa thamani ni suala la hesabu. Kukamatwa kwa mzigo kunamaanisha forodha wanadai kuna kosa, kwa mfano tamko la uongo, ambalo adhabu yake ni faini hadi dola 10,000 za Marekani au kifungo hadi miaka mitatu. Una mwezi mmoja wa kutoa taarifa ya madai kwa maandishi kwamba mali ni yako na unaidai. Ukinyamaza, unaipoteza.

Utaambiwa pia kuna njia fupi ya kumalizana na Kamishna chini ya kifungu cha 219. Ipo, na kwa aliyekosa kweli inaweza kumfaa. Lakini masharti yake ni kukiri kosa kwa maandishi, na amri inayotolewa ni ya mwisho, haina rufaa. Nimewaona watu wanaitia saini fomu hiyo jioni ya Ijumaa kwa kudhani ni karatasi ya kuachiliwa mzigo. Kama ankara yako ni ya kweli, usisaini kabla wakili hajaisoma.

Mzigo ni wa Kampala, umezuiwa Mombasa. Nigombane na nani?

Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya, iliyoanza 2014, thamani huamuliwa na mamlaka ya nchi mzigo unakokwenda. Maombi yako yanakwenda Uganda, na rufaa inafuata njia ya Uganda.

Mzigo ulitoka zamani. Sasa wanadai tofauti.

Ndiyo ile sababu ya miaka mitano. Forodha wanaweza kukagua vitabu baada ya mzigo kutoka na kudai ushuru uliopungua ndani ya kipindi hicho, pamoja na riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Dai hilo ni uamuzi kama mwingine: siku 30 za kifungu cha 229 zinaanza upya kwa ajili yake. Usijibu kwa simu.

Ni lazima niwe na wakili?

Hatua ya kwanza kwa Kamishna unaweza kuiandika mwenyewe au na wakala wako wa forodha, kama ni mtu anayejua sheria na si njia za dirishani tu. Ukifika Bodi, tafuta mtaalamu. Pale mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi uko kwako wewe uliyekata rufaa, na hoja ambayo hukuiandika mwanzo ni vigumu kuiingiza baadaye.

Naweza kuuzuia mgogoro kabla ya kuagiza?

Kwa bidhaa unayoileta mara kwa mara, ndiyo. Kifungu cha 248A kinakuruhusu kuomba uamuzi wa awali kuhusu uainishaji (bidhaa iko kundi gani la ushuru), asili ya bidhaa au njia ya uthamini. Peleka maombi yenye mkataba, sampuli au picha, na maelezo ya jinsi bei inavyopatikana, kabla hujamtumia muuzaji hata senti ya kwanza. Ukipata uamuzi, uambatishe kwenye kila kadhia ya bidhaa hiyo, na uhakikishe wakala wako anayo nakala siku meli inapofika.